Haradali ya Sahani ya Saba

Liboria Scozzari alikuwa na mikono mibaya kuliko yote Pietramuta, na alijua. Kila baridi ikiingia vidole vilipasuka, na ndani ya mipasuko ile utomvu wa haradali mwitu uliingia ukakaa, sabuni isiutoe wala limau. Kwa miaka arobaini alikuwa akiichuma mboga hiyo kwenye malisho ya chini ya mji, tangu mvua za Novemba hadi maua ya njano yanapotanda kila mahali na majani yanakuwa machungu hata mbuzi anayasusa. Mumewe aliangukiwa na mgodi wa salfa, akamwachia binti wa miaka mitatu na kitanda. Binti huyo alilelewa kwa haradali, akasomeshwa kwa haradali, akaozwa kwa haradali, kisha akahamia Torino na mume mwenye kazi ya kiwandani. Wapo wanaosema kuokota majani si kazi. Waende wao basi, saa kumi na mbili asubuhi, umande umeganda, wainame mpaka kiuno kilie, ndipo tuzungumze.

Jambo ambalo Pietramuta haikulijua ni macho yake. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu ukungu uingie, kwanza jicho la kushoto, kisha la kulia. Watu aliwatambua kwa mwendo na sauti, sura zao zilikuwa madoa tu. Akajifunza kutomsalimia mtu mpaka asalimiwe yeye, na watu wakasema Shangazi Liboria siku hizi anaringa. Akawaacha waseme.

Alikuwa na sababu mbili za kuficha. Ya kwanza ni binti yake, ambaye angepata habari angepanda treni, akamfungia mama yake vitu viwili vitatu kwenye sanduku na kumpeleka kuishi ghorofa ya tano kusikokuwa na hata jani la kushika. Ya pili ni jani la kichaa. Malisho yale yale yanayootesha haradali huotesha na hilo, limelala chini kama mboga nyingine yoyote. Anayelila hushikwa na kiu isiyokatika, macho humpanuka yakawa meusi, akaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Mtu mzima huenda akapona. Mtoto huenda asiamke. Kila ukoo hapa una kisa chake, na hakuna mwanamke mwenye akili timamu atakayenunua mboga ya porini kwa mchumaji asiyeona.

Lakini Liboria mwenyewe hakuwa na hofu, kwa sababu tangu zamani hakuchuma kwa macho. Alichuma kwa vidole. Jani la haradali lina vinyweleo vinavyokwaruza, limekatwakatwa pembeni, na bua lake ni kama ndevu za siku mbili. Jani la kichaa ni laini, nene, na lina ubaridi wa ngozi ya chura. Gizani au mchana, mikono ile mibaya ilijua, na katika miaka arobaini haikukosea hata siku moja.

Sasa tuje kwenye glavu.

Mwaka wa nyuma, kwenye Meza ya Mtakatifu Yosefu, karamu ya kila Machi, Donna Gesualda mwenye karamu alimwona Liboria akinyoosha kitambaa cha altare, akamwambia mbele za watu, "Shangazi, kwa hisani yako, mikono hiyo iweke mbali na kitani changu. Tutadhani punda amepita." Tulicheka sote. Liboria naye alicheka, akaweka mikono chini ya aproni, na tangu siku ile neno lile halikumtoka moyoni. Krismasi binti yake akaleta kwa posta jozi ya glavu za ngozi, ndani zina manyoya, na barua: Mama, vaa, usife na baridi. Zilikaa msumarini hadi Machi. Asubuhi ya tarehe kumi na tisa, sikukuu yenyewe ya Yosefu, malisho yalikuwa meupe kwa barafu. Liboria akazitazama, akamkumbuka Gesualda na punda wake, akazivaa. Alitaka walau mara moja afike kwenye mlango ule na mikono ya mtu.

Na kweli alipofika, saa tatu, na kikapu kimejaa hadi juu, Gesualda alipiga makofi.

"Yesu wangu! Nani huyu, Liboria au bibi harusi?"

"Nimekuja na mikono mipya, Donna Gesualda. Ile ya punda nimeiacha nyumbani."

"Bado unalo hilo rohoni? Mie nilitania!"

"Na mie natania."

Gesualda alicheka, lakini cheko lilikatika mapema. Alikuwa hajalala siku tatu. Meza ya mwaka huu haikuwa ya fahari, ilikuwa ya nadhiri. Mwanawe wa pekee, Vanni, alitoka mgodini vuli iliyopita akitema damu, na Gesualda akapiga magoti mbele ya Yosefu: mwanangu akisimama kwa miguu yake siku ya sikukuu yako, nitakuandalia sahani kumi na tisa. Vanni alikuwa amesimama. Alikuwa mwembamba kama ufagio, lakini amesimama. Sasa deni la mtakatifu lilipaswa kulipwa lote, bila kuruka kitu. Maskini watatu huketi mezani, mmoja akiwa Yosefu, mmoja Maria, mmoja Mtoto, wakaonja sahani zote kwa mpangilio wake. Kabla hawajamaliza hakuna mwingine anayetia hata chembe mdomoni. Kila sahani ikionjwa, nyuma ya nyumba hupigwa fataki moja, mji mzima usikie. Sahani ikirukwa, nadhiri imevunjika, na kila mtu alijua wa kulipia angekuwa nani.

"Sahani ya saba ni yako," Gesualda alisema akibeba kikapu. "Vitumbua vya haradali. Vanni ndivyo anavyovipenda."

"Mwaka huu nani Mtoto?"

"Melina, yule yatima, mjukuu wa Mzee Nofrio. Wavulana wote wenye shida wameenda Ujerumani na baba zao, nifanyeje? Yesu wetu mwaka huu ana mikia miwili ya nywele."

Liboria alimjua Melina. Alikuwa na miaka sita, mwepesi hata mbuzi angemwangusha, akiishi na babu yake chini kwenye nyumba za wachimbaji. Babu ndiye angekuwa Yosefu. Liboria akarudi nyumbani moyo umemtulia, akijiona ameshinda kitu, ingawa hakujua ni nini.

Alikuwa amejiwekea konzi moja ya mboga kwa ajili ya chakula chake. Karibu na saa sita alivua glavu, akaimwaga mboga kwenye beseni, akaanza kuichambua huku akiwaza mambo mengine. Kule juu fataki ya kwanza ikalia. Ni machungwa, akajisemea. Yosefu huanza na chungwa.

Kidole chake kikagusa ubaridi.

Akasimama pale pale. Akalipapasa lile jani kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha. Halikuwa na vinyweleo. Halikuwa na mkato. Lilikuwa laini, nene, na bichi kwa namna ile ambayo haradali haiwi. Akalipeleka dirishani, akalisogeza mpaka likagusa kope, akaona kijani tu. Akalinusa. Harufu nzito, mbaya, ikampanda puani.

Akaipitia konzi yote. Lilikuwa moja tu. Lakini konzi hii aliichota kutoka kwenye kikapu kile kile, na kikapu alikijaza kwa glavu, kando ya ukuta wa chini wa malisho, ambako jani la kichaa huota kila mwaka na yeye alijua linaota. Alikuwa amevaa mikono ya watu, na mikono ya watu haijui kitu.

Fataki ya pili ikalia. Tambi.

Liboria alitia jani mfukoni mwa aproni akatoka bila shali. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho chini, ya Gesualda ya mwisho juu, jirani na kanisa, na katikati kulikuwa na ngazi za mawe ambazo vijana wenyewe huzipanda kwa kutukana. Alipiga kelele, "Jamani! Kuna mtu?" Hakukuwa na mtu. Mji mzima ulikuwa umebanana mlangoni kwa Gesualda ukisubiri watakatifu washibe. Akakamata ukuta kwa mkono mmoja akaanza kupanda, ngazi hazioni, akizihesabu kwa miguu.

Ya tatu ilimkuta kwenye bomba la maji. Uji wa maharagwe. Na hapo, aibu iliyoje, akaanza kutafuta uongo. Atasema nini? Kwamba ameona nyoka kikapuni. Kwamba mbwa ameikojolea mboga. Uongo wowote ungefaa, alimradi vitumbua vitupwe na macho yake yasitajwe. Nasema hili kwa sababu baadaye watu walimfanya shujaa, na yeye mwenyewe hakupenda. Alikuwa anapanda kwenda kumwokoa mtoto, na huku anapanda akijiokoa yeye.

Kengele za kanisa zikaanza kupiga saa sita. Ziligonga na kugonga, na katikati ya makelele yale akasikia mlio, au akadhani amesikia. Kengele ziliponyamaza alikuwa amepoteza hesabu. Alisimama mbele ya kinyozi. Nunziu kinyozi alikuwa ameketi nje na mguu wake mbovu juu ya kigoda, kama siku zote.

"Nunziu! Hiyo ilikuwa ya nne au ya tano?"

"Ya tano. Mimi nahesabu kwa tumbo, Shangazi, sikosei."

"Samaki?"

"Samaki mkavu. Inakuja mboga ya mbigili, halafu vitumbua vyako. Mbona unahema hivyo, umefumaniwa?"

"Nimesahau kitu."

"Kitu gani cha kukimbilia katika umri huo?"

"Kitambaa," akasema, na akaona jinsi uongo ulivyo rahisi. Akaendelea kupanda.

Ya sita ilipasuka akiwa na ngazi kama ishirini mbele yake. Ililia karibu sana mpaka ukuta ukatetemeka chini ya kiganja chake. Alipanda zilizobaki akitumia mikono na miguu. Watu waliojaa mlangoni akawapasua kwa viwiko, wengine wakacheka, wengine wakasema polepole mama, chakula kipo. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa. Watakatifu wakiwa mezani mlango hufungwa, ndiyo desturi. Akaugonga kwa ngumi.

"Nani?" ikatoka sauti ya ndani.

"Mimi! Fungueni!"

"Hapa hakuna nafasi!" Na wote waliokuwa ndani wakaangua kicheko, maana ndivyo walivyowajibu watakatifu asubuhi ile, mara mbili, kabla ya kuwafungulia mara ya tatu. Walidhani mtu anafanya mzaha.

Liboria akavua kiatu akaugonga mlango kwa kisigino mpaka rangi ikabanduka. Ukafunguliwa. Akaingia kwenye joto, harufu ya mishumaa, ya mafuta, ya haradali iliyokaangwa na mayai na jibini. Mbele yake kulikuwa na doa kubwa jeupe, altare, na mbele ya altare madoa matatu. Mtu alikuwa anapita na sahani.

"Simama! Usiiweke mezani hiyo!"

Kisha mkono wa Gesualda ukamkamata juu ya kiwiko, na kucha zikaingia.

"Umelewa?" Gesualda alinong'ona. "Unajua unafanya nini? Unajua hii meza ni ya nani?"

"Hiyo mboga isiliwe, Donna Gesualda."

"Kwa nini?"

Na mdomo wake, wenyewe, ukasema, "Ina mchanga. Sikuiosha vizuri."

"Mchanga?" Gesualda akatoa pumzi. "Mchanga! Niliiosha mara tatu mimi mwenyewe. Na hata ukiwepo, watakatifu watatema. Toka nje, Liboria, kabla sijakosa adabu. Lete sahani, wewe."

Sahani ikasogea. Liboria alisikia ikigusa kitambaa. Alibaki amesimama, na uongo mwingine ukija mbio, wa nyoka, wa mbwa. Ndipo kutoka kwenye doa dogo la katikati kikatoka kisauti.

"Babu, nina kiu."

"Subiri, mwanangu. Yosefu akigonga fimbo ndipo tunakunywa," Mzee Nofrio alisema.

"Umeshaniambia hivyo. Nina kiu. Ulimi umenata."

Kiu: Liboria alijua maana yake. Hakuna aliyekuwa amekula haradali. Sahani ndiyo kwanza imefika. Lakini mtoto huyu hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana hadi meza ilipoanza, kwa ajili ya utakatifu, na asubuhi yote alizungukazunguka jikoni kwenye makarai.

"Nofrio," alisema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa nje. "Mtazame macho yake. Mie sioni."

"Nini?"

"Mie sioni! Miaka mitatu sioni. Nachuma kwa mikono, na leo nilivaa glavu." Akatoa lile jani mfukoni akalirusha juu ya kitani cheupe. "Hilo nimelikuta kwenye konzi yangu. Mengine yamo humo kwenye vitumbua, au hayamo. Sijui. Mtazame macho mtoto, kwa jina la Mungu, mtazame uniambie!"

Mzee Nofrio alikuwa mchimbaji kwa miaka thelathini, akiishi kwa mboga za porini. Alilijua lile jani kabla halijatulia mezani. Kiti chake kilianguka. Akamshika mjukuu wake kidevu, akamgeuzia kwenye mishumaa.

"Meusi," alisema. "Meusi tupu. Hakuna rangi nyingine."

"Melina," Liboria alisema, akipiga magoti pale sauti ilikotoka. "Ulikula jikoni, eti? Hakuna atakayekupiga."

Mtoto akasema kwa aibu, "Viwili. Vilikuwa vimevunjika." Na papo hapo akacheka, akanyoosha mkono hewani kushika kitu. "Babu, tazama vipepeo."

Hakukuwa na vipepeo. Mjane Pidda, aliyekuwa Maria, alianza kulia kwa sauti.

Wa kwanza kusogea alikuwa Vanni, mgonjwa mwenyewe. Alimbeba mtoto begani na mapafu yale mabovu, akapaza sauti, "Baba mdogo! Washa gari!" Baba yake mdogo, Tuccio, alikuwa nyuma ya nyumba na kiberiti mkononi, tayari kwa fataki ya saba. Akakitupa. Alikuwa na gari dogo la kubebea jibini, la pekee huku juu, na hospitali ilikuwa umbali wa saa nzima kwa barabara ya kona. Nofrio akapanda nyuma na mavazi yake ya Yosefu, ndevu za pamba zikining'inia sikio moja. Gari likashuka. Tukalisikia mpaka mlio ukaisha.

Ndani, Gesualda alichukua sahani ya saba akaimwaga yote motoni, na karai zima, hata chembe haikubaki. Kisha akageuka.

"Miaka mitatu," alisema. "Miaka mitatu unatulisha, na huoni."

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Ungeninunulia?"

"Nisingekununulia!"

"Basi ndiyo maana."

"Na mwanangu?" Sauti ya Gesualda ikapasuka. "Kumi na tisa nilimwahidi. Sita! Nimempa sita! Nani atamlipa Yosefu zilizobaki? Wewe?" Akakaa chini mbele ya altare, mwanamke mkubwa yule, akalia huku amejifunika uso kwa aproni. Liboria akajipapasia ukuta hadi mlangoni, na safari hii watu walimpisha. Hakuna aliyemgusa.

Fataki ya saba haikulia. Kule chini Nunziu kinyozi alibaki na mguu wake juu ya kigoda, akisubiri hadi jua likapita upande wa pili wa barabara, ndipo akajua kuna jambo.

Kwa siku mbili hakuna aliyepita kwa Liboria. Alikaa kitini mlango ukiwa wazi, mikono magotini, akisikiliza kila hatua ya barabarani na kila hatua ikapita. Hakula. Alikuwa akimwomba Yosefu kitu kimoja, na alikuwa akikiomba kwa hasira: umeshaonja sita, yule mtoto amekaa kwenye meza yako, mrudishe. Asubuhi ya tatu akasikia mwendo wa Mzee Nofrio, mguu unaoburuta, ukasimama mlangoni.

"Ameomba mkate," Nofrio alisema. "Walimwosha tumbo. Amelala siku mbili anaongea na mama yake aliyekufa. Leo alfajiri kafumbua macho, ni ya kahawia, akaniambia Babu mbona unanuka samaki."

Liboria alilia mpaka akakosa pumzi. Nofrio akasema hivi: "Daktari kasema, angekula na vya mezani juu ya vile, tusingefika hata njia panda." Hakusema asante. Hakusema pia kwamba amemsamehe. Aliweka chungwa mezani akaenda zake.

Siku hiyo hiyo ikaja telegramu kutoka Torino. Mtu wa posta aliisoma kwa sauti mlangoni, na majirani wote wakasikia: NIMEPATA HABARI. NAKUJA JUMAPILI. USIFUNGE CHOCHOTE NITAFUNGA MIMI.

Basi imekwisha, Liboria akafikiri. Alizichukua zile glavu msumarini akataka kuzitupa jikoni motoni, lakini zilikuwa zimetoka kwa mwanawe. Akazirudisha.

Jumamosi asubuhi hakuna aliyebisha hodi. Kitu kizito kiliwekwa mezani, na kiti kikavutwa na mtu mwenye pumzi nzito. Harufu ya haradali mbichi ikajaa chumba.

"Nimechuma mwenyewe," Gesualda alisema. "Tangu saa kumi na mbili. Sijui mnawezaje kazi hii, kiuno changu si changu. Kesho baada ya misa watakatifu wanakaa tena, kuanzia sahani ya saba. Padri kasema Yosefu hana haraka. Melina naye anakaa, Nofrio kakubali."

"Mungu amjalie."

"Lakini wamesema, Nofrio na Pidda na wote wale mlangoni, kwamba hawali mboga ya porini mpaka wewe uipitishie mikono."

Liboria hakuamini masikio yake. "Mimi?"

"Wewe. Kwani nani mwingine? Mikono hiyo yenyewe, si ile mipya." Akamsogezea kikapu. "Na huyo binti yako akija, nitaongea naye mimi. Akupeleke kwa daktari wa macho, vizuri. Halafu akurudishe. Nitamwambia tuna kazi na wewe."

"Umechuma wapi?"

"Kwenye mteremko wa juu, mbali kabisa na ule ukuta. Na usinitazame hivyo, ingawa hunitazami. Nimekagua jani moja moja. Macho yangu ni mazima."

Liboria alikunja mikono ya gauni. Akamwaga kikapu chote mezani na kuanza. Vidole vyake vilivyopasuka vilipita polepole, jani baada ya jani, vinyweleo vikikwaruza, na kila lililopita alilirudisha kikapuni. Gesualda alikuwa akitazama vidole vile, mipasuko ile ya kijani. Robo saa ikapita, nusu saa ikapita. Kikapu kikajaa hadi katikati.

Vidole vikasimama.

Liboria alivuta jani moja kutoka kwenye fungu, akalipapasa kutoka kikonyo hadi ncha, mara moja tu. Akalisukuma juu ya meza mpaka mbele ya Gesualda, akaliacha hapo.

Gesualda aliliinua. Aliligeuza upande huu na upande ule kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole chake juu yake, na kidole kikakutana na ule ubaridi.

Kisha akakichukua kikapu, akamwaga tena mboga yote mezani, ile iliyokwisha kupita na ile iliyobaki.

"Anza upya, Shangazi," alisema. "Taratibu. Mie nipo."